Mashine ya Mama Kwenye Fomu ya Umeme

Mrija una urefu wa mita saba. Nimeupima mwenyewe kwa utepe wangu wa kushonea, kutoka kwenye mashine ya oksijeni iliyo kando ya kitanda cha mama mkwe wangu hadi puani mwake. Unamfikisha chooni, unamfikisha dirishani, unamfikisha mlangoni pa sebule, na hapo unakaza. Wangu mimi hauonekani, lakini nao unakaza. Nikifika kwa muuza nyanya wa pili barabarani, roho inaanza kunivuta nirudi, maana umeme ukikatika nikiwa nje, nyumbani hakuna mwingine wa kufungua mtungi wa akiba.

Tunakaa Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi kwamba watu wa mtaa wetu huvuka kununua sukari Kenya na kurudi kabla chai haijachemka. Zamani nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nanunua mukene, wale dagaa wa ziwani, kule Majanji alfajiri, na kufikia saa nne nimeshauza gunia zima ng'ambo kwa akina mama wanaoiita omena na kuapa kwamba si samaki yuleyule. Nilinuka samaki mwili mzima na nilikuwa na furaha. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, na mimi sikuona shida, kwa kuwa nami sikuwa mtu wa kukaa.

Kisha mapafu ya Mama yakachoka. Kwa miaka mingi aliendesha hoteli ya wali na maharage kwa ajili ya madereva waliokwama kwenye foleni ya forodha, jikoni pa bati, kuni chini, dirisha moja dogo. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Mama akacheka, akasema hajawahi hata kuishika. Daktari akamuuliza alikuwa anapikia nini, na Mama alipomaliza kueleza, daktari aliandika kwa muda mrefu. Tulirudi nyumbani na amri moja: oksijeni mchana na usiku.

Mume wangu aliitafuta mashine hadi akaipata, imeshatumika lakini nzima. Ni sanduku kubwa lenye magurudumu, linanguruma na kuhema. Umeme ukikatika, inalia kwa sauti ya kukata masikio, nami hapo ninaacha chochote nilichoshika, ninakimbia, ninafungua mtungi kwa spana na kuhamisha mrija. Mtungi ukijaa unatosha masaa machache tu. Mtu akiizima mwenyewe kwa kitufe, haipigi kelele yoyote. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kulifikiria.

Basi nikaacha mukene, nikanunua cherehani, nikaiweka barazani, nikawa fundi. Niseme ukweli: nilikuwa nampenda Mama, na nilikuwa nimechoka naye. Vyote viwili vilikaa kifuani mwangu bila kugombana. Kulikuwa na siku niliyatazama malori yaliyopanga foleni mbele ya baraza, yamezuiliwa na karatasi tu, nikawahurumia madereva, kisha nikakumbuka kwamba wao kufikia jioni watakuwa wamepita. Mimi sikuwa nimevuka mpaka huo kwa mwaka mzima na zaidi, na nilikuwa nauona kutoka kwenye kiti changu.

Ndiyo maana chama chetu cha akina mama kilipoleta habari za mafunzo ya sola, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Tutapewa sola kwa mkopo, walisema, na betri zake. Wengine walifikiria taa na televisheni. Mimi nilifikiria betri. Mashine ikiwa na betri nyuma yake, umeme ukikatika haitalia. Isipolia, jirani yeyote anaweza kukaa na Mama. Jirani akikaa na Mama, mimi nitashika njia ya Majanji.

Mafunzo yalikuwa Tororo, kwenye ukumbi chini ya ule mwamba mkubwa wa mji. Jirani mmoja alikubali kubaki na Mama kutwa, nikamfundisha spana mara tano hadi akaudhika. Mkufunzi alikuwa msichana kutoka upande wa Kenya, mchangamfu, mwenye viatu visivyopenda vumbi letu. Alitueleza kwamba kila nyumba ina moshi wake, hata isiyo na dohani. Ukiwasha taa, ukipika, ukipiga pasi, kuna hewa ya ukaa inayopanda juu mahali fulani kwa ajili yako, na unaweza kuikadiria kwa kalamu. Nikauliza na malori je, yale yanayonguruma kutwa mbele ya nguo zangu nilizoanika, nayo yamo kwenye fomu? Ukumbi ukacheka. Akasema fomu ni ya nyumba tu. Nilikaa nikijikuna kichwa: tunaambiwa tuhesabu moshi wa birika.

Fomu yenyewe ilikuwa rahisi. Unaandika kila kifaa, unageuza mgongo wake utafute idadi ya wati, unazidisha kwa masaa kinayowaka kwa siku, unagawanya kwa elfu, unapata yuniti. Mwisho unaongeza magunia ya makaa. Kisha fomu inakwambia mambo mawili: nyumba yako inatoa moshi kiasi gani, na inahitaji sola ya ukubwa gani. Ukurasa wa pili ulikuwa wa baadaye. Huo ulitaka ulinganishe ulichokadiria na kile mita inachosema kweli.

Nilirudi nikaanza siku ileile kabla ya Alasiri. Friji niliivuta kutoka ukutani, nikakuta mende na kijiko nilichokuwa nimemlaumu mtoto wa jirani kwamba amekiiba. Pasi, elfu moja. Birika la umeme, karibu elfu mbili, lakini dakika tu. Taa sita. Televisheni. Mama alikuwa ananifuata na mrija wake mpaka ulipoishia, amevaa miwani, anafurahia kazi. Mtu aliyeuza chakula kwa madereva wa nchi tano hawezi kuzikimbia namba. Tulipofika kwenye mashine yake, kibandiko kilikuwa chini kabisa, maandishi kama chungu wadogo. Yeye ndiye aliyeinama akanisomea.

"Mwanangu, hii nasema mia tatu hamsini."

Nikaandika.

"Hiyo ni mingi?"

"Ni nyingi, Mama. Si kwa wingi wa wati. Ni kwa sababu haipumziki."

"Kushinda friji?"

"Inaishinda friji mbali sana."

Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe mimi nakula umeme kushinda friji!"

Tukacheka wote wawili. Nilipopiga hesabu mezani, mashine peke yake ilikula yuniti nane na nukta nne kwa siku. Nyumba nzima iliyobaki, pamoja na ujinga wetu wote wa kuacha taa za koridoni zikiwaka, haikufika nne. Nikaiandika mashine kwenye mstari wa kwanza kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko vyote. Niliandika "mashine ya Mama," basi.

Upande wa moshi mambo yalikuwa kinyume. Fomu ilisema umeme wetu, kwa kuwa unatoka mtoni, una moshi kidogo, na kwamba yanayotuchafulia hewa ni makaa. Kwa hesabu ile Mama hakuwa na hatia yoyote. Nilikaa nikiutazama mstari wa makaa nikawaza juu ya jiko lake la bati. Mkufunzi alisema moshi wa nyumba hupanda angani. Wa kwetu mwingi uliishia kifuani mwa Mama, na hakukuwa na mstari wa kuuandika huo.

Nikaipiga fomu picha, nikaituma. Kesho yake mkufunzi akapiga simu. Nilikuwa nashona, mikono imejaa, nikaweka simu juu ya cherehani kwa sauti kubwa. Mlango wa Mama uko hatua nne kutoka hapo.

"Mama, fomu yako iko sawa kabisa, umejaza poa. Shida ni laini ya kwanza tu. Hii mashine ya mama, lazima iwake siku nzima? Ukipunguza hata masaa nane kwa siku, na zile vitu zingine tuliongea, unaingia kwa sola yenye chama chenu kinapewa. Ikibaki hivi, hapana. Stima yako iko juu sana."

Ningemwambia ni mashine gani. Labda alidhani ni ya kusaga, au ya kufuma sweta. Ningesema neno moja na msichana yule angeomba radhi na tungetafuta njia nyingine. Nikasema, "Nitaangalia."

Kisha nikampigia mume wangu, ambaye alikuwa njiani upande wa Kigali, na maneno yalinitoka kabla sijayatafuna: "Ingekuwa mashine inapungua masaa manane tu, sola tungekuwa nayo mwezi huu, na mimi ningekuwa mtu tena." Akasema, "Lakini haipunguziki." Nikasema, "Najua haipunguziki, si ninaongea tu." Tukaingia kwenye habari za matairi.

Nilinakili hesabu ile kwenye karatasi kubwa nikaibandika koridoni, karibu na kisanduku cha tokeni za umeme kinachoonyesha yuniti zilizobaki. Kisanduku hicho kina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyoliwa. Pasi ikiwaka inapepesa kwa pupa. Vitu vikizimwa vyote ikabaki mashine ya Mama tu, inapepesa taratibu, na ukihesabu polepole inakuja kila unapofika kumi. Nilijua hivyo kwa sababu nilisimama pale nikahesabu, kama mtu asiye na kazi. Nikapiga marufuku birika. Pasi ikawa mara moja kwa wiki. Friji tukaizima kabisa, kwa kuwa ilikuwa inapoza maji tu.

Wiki hiyo Mama alianza kufunga mlango. Kwetu, tasbihi ikining'inia kwenye kitasa cha mlango wa mkubwa, maana yake yuko kwenye uradi, na mkaza mwana hapigi hodi wala hachungulii, hata nyumba ingekuwa inavuja. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoolewa kutoka Molo, na yeye ndiye aliyenifundisha. Asubuhi baada ya chai tasbihi ilining'inia mpaka Adhuhuri. Alasiri ikarudi hadi baada ya Magharibi. Nikasema moyoni, mzee amekula chumvi nyingi, anataka kujiweka karibu na Mola wake. Nikamheshimu. Na nikafurahi, maana kwa masaa hayo hakuna aliyeniita.

Tokeni tulizozoea kuziona zikiisha Alhamisi zilifika Jumapili. Kichwa kilinivimba. Nikampigia mume wangu nikamsomea yuniti zilizobaki kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Nikawaambia wenzangu wa chama siri yote iko kwenye friji. Mmoja alinirudia kesho yake kusema ameizima ya kwake na maziwa yameharibika.

Mama wakati huo alikuwa anasinzia kwenye kiti akila. Miguu ilivimba. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda, nikasema ni joto. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki, tukacheka, lakini yeye alichelewa kucheka.

Mwishoni mwa wiki ya tatu nikakaa barazani kujaza ukurasa wa pili. Nilichukua yuniti tulizonunua, nikatoa zilizobaki, nikagawanya kwa siku. Nikapata saba na nukta nane. Nikatabasamu. Nikaiandika. Kisha macho yangu yakapanda hadi mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, yakashuka, yakapanda tena.

Mashine peke yake ilitakiwa kula nane na nukta nne.

Nikafikiri nimekosea kugawanya. Nikarudia kwa simu, nikarudia kwa kalamu. Hata tungekaa giza totoro, bila taa, bila televisheni, bila chochote, mashine peke yake ingekula zaidi ya nyumba yetu nzima ilivyokula. Nikatoa taa, nikatoa televisheni na pasi, nikagawanya kilichobaki kwa wati za mashine. Masaa kumi na sita. Yalikosekana manane.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tasbihi ikianguka sakafuni nilipousukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia. Mashine ilikuwa kimya. Lakini mrija ulikuwa puani mwake, umepita nyuma ya masikio yake vizuri kabisa, kama ninavyomvalisha. Alikuwa anauvaa mrija mtupu, ili hata mtu akichungulia dirishani asijue.

Nikabonyeza kitufe. Mashine ikahema, ikaanza kunguruma.

"Mama, nani ameizima?"

"Mimi." Alivuta pumzi kati ya kila neno. "Mimi nazima. Masaa nane tu. Sikuzidisha hata kidogo."

"Kwa nini?"

"Yule msichana nasema kwa simu. Mashini ikipunguza, sola nakuja." Akapumzika. "Sola nakuja, wewe nakwenda."

"Nakwenda wapi mimi, Mama?"

"Majanji. Kwa samaki yako." Akanitazama. "Wewe nakaa hapa kama mtu ya jela. Mimi naona."

Nilimgombeza. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwinulia Mama sauti, na siku hiyo nilipiga kelele hadi dereva mmoja barabarani akashusha kioo. Nilimwambia nani amemwambia auze pumzi zake, nani amemwomba, angekufa humu ndani na mimi niko nje napima suruali za watu, ningemwambia nini mwanawe. Alisubiri nimalize. Kisha akaniomba nimwokotee tasbihi. Niliokota, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake iliyovimba, nikalia kwa sauti kama mtoto. Akaweka mkono juu ya kichwa changu. Midomo yake ilichukua saa nzima kurudia rangi yake.

Karatasi ya koridoni niliichana. Kwenye ukurasa wa pili niliandika ukweli, wati na masaa ishirini na manne, na safari hii nikaandika ni mashine ya nini. Mkufunzi alinipigia akilia kabisa, maskini, akasema hakujua. Nikamwambia hakuambiwa. Sola ya chama hatukuipata. Ameahidi kututafutia kubwa zaidi, na huenda akaipata. Mlango wa Mama sasa hauna kitasa, nilimwita fundi akakitoa. Cherehani nimeihamishia ndani, hatua moja kutoka kitandani, na wateja wangu wanalalamika kwamba hakuna mwanga.

Majirani wamenisifu sana kwa hesabu ile. Mume wangu anawasimulia madereva wenzake jinsi mkewe alivyomwokoa mama yake kwa kalamu na karatasi. Mimi husikiliza nikiangalia chini, kwa sababu kuna jambo sijamwambia yeye wala mtu mwingine.

Katika wiki ya pili ya Mama kufunga mlango kulikuwa na Jumanne moja lori lilipopinduka mbali kule nyuma, foleni ikakatika, na barabara yetu ikawa tupu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Kulikuwa na utulivu wa ajabu. Niliinuka kwenda kuchota maji ya kunywa, nikapita mbele ya mlango wa Mama na jagi mkononi. Tasbihi ilikuwa kwenye kitasa. Nilisimama. Kutoka ndani hakukuwa na ngurumo. Nilisogea hadi kwenye kisanduku nikaitazama ile taa nyekundu, nikaanza kuhesabu, na nilifika thelathini bila taa kupepesa. Kisha nikaangalia yuniti zilizobaki. Zilikuwa nyingi. Nikarudi barazani, nikakalia kiti changu na kumalizia pindo la sketi ya shule.

Mama hajawahi kuniuliza kama nilijua. Ninapopita koridoni sasa, hata nikiwa na haraka, nasimama mbele ya kisanduku na kuhesabu. Nikifika kumi taa inapepesa, lakini siondoki mpaka nimehesabu tena.